Kabla ya Kuuza Shamba: Mwongozo wa Kuchagua Mahali pa Kusomea Uhandisi

Kila mara matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za Meru na Embu: kijana aliyefanya vyema katika hisabati na fizikia aende wapi kusomea uhandisi? Wengine hutaja chuo cha kiufundi kilicho karibu. Wengine husubiri majibu ya KUCCPS. Na siku hizi si ajabu kusikia jamaa aliye Marekani akisema kwa simu kwamba kuna chuo cha jamii huko, kinachopokea wanafunzi wa kigeni kwa masharti mepesi na kwa karo nafuu kuliko ya chuo kikuu.

Chukua mfano wa familia ya Runyenjes yenye ekari mbili za majani chai. Binti yao amepata wastani wa C+. Hisabati ana B-, fizikia C+, kemia C. Anataka kuwa mhandisi wa umeme. Mjomba wake aliye Dallas ametuma jina la chuo cha jamii, na ajenti mmoja mjini amesema safari inawezekana ikiwa pesa zitapatikana mapema. Baba anafikiria kuuza ekari moja. Mama anauliza: pesa hizo zitafika wapi?

Familia hii ni ya mfano tu, lakini swali la mama ni la kweli, na makala haya yanalijibu hatua kwa hatua. Kanuni ni moja: mwanafunzi wa uhandisi aanze kwa kuangalia mwisho wa safari, yaani cheti cha mwisho na bodi itakayomsajili, kisha arudi nyuma akihesabu miaka na pesa hadi siku ya leo. Anayeanza na jina la chuo kabla ya kujua mwisho huenda akajikuta katikati ya safari bila nauli.

Hatua ya kwanza: Kujua kazi inayotafutwa

Neno "injinia" hutumika mitaani kwa mtu yeyote anayetengeneza mitambo. Kisheria, mambo ni tofauti.

Mhandisi husajiliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya (EBK) chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011. Ili kuingia katika daftari la bodi akiwa mhandisi mhitimu, mtu anahitaji digrii ya uhandisi inayotambuliwa. Baadaye, akishafanya kazi kwa angalau miaka mitatu na kupita tathmini, ndipo anaweza kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu mwenye mamlaka ya kutia sahihi michoro na miradi.

Mafundi sanifu wenye diploma, pamoja na wanateknolojia wa uhandisi, wana bodi yao inayoitwa KETRB, iliyoundwa chini ya Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya mwaka 2016. Hawa ndio huendesha na kukarabati mitambo, hupima, husimamia mafundi na kuhakikisha kwamba kilichochorwa kinafanya kazi.

Kazi zote hizi zipo karibu na nyumbani. Mabwawa ya Seven Forks katika Mto Tana, ambayo ni Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yamepakana na eneo la Mbeere. Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, na Gitaru lina uwezo wa megawati 225. Viwanda vya chai kama Rukuriri na Mungania upande wa Embu, na Githongo, Kinoro na Michimikuru upande wa Meru, vina boila, mota na mitambo ya kukausha ambayo haiwezi kukaa siku moja bila fundi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa binti wa Runyenjes ni hili: anataka kuchora na kuidhinisha mfumo wa umeme, au anataka kuujenga, kuuendesha na kuurekebisha? Jibu la kwanza linadai digrii. Jibu la pili linaweza kuanza na diploma.

Hatua ya pili: Kupima njia za hapa nyumbani

Kuingia chuo kikuu nchini Kenya kunahitaji wastani wa C+ au zaidi. Lakini kozi nyingi za digrii ya uhandisi hudai pia angalau C+ katika hisabati, fizikia na kemia, na ushindani huweza kupandisha alama hizo zaidi. Hapo ndipo C ya kemia inapomkwamisha binti huyu, ingawa wastani wake unatosha.

Diploma huhitaji wastani wa C-. Kwa alama zake, mlango huu uko wazi. Wilayani, kama wazee wanavyopenda kusema, vyuo havikosekani: Meru National Polytechnic iko mjini Meru, chuo cha kiufundi cha Nkabune kiko kaunti hiyo hiyo, na chuo kilichopewa jina la Jeremiah Nyagah kiko Rwika, Mbeere. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru, kilipata hati yake mwaka 2013 na kinaweza kuwa kituo cha baadaye kwa mwenye diploma anayetafuta digrii.

Aliyepata chini ya C- hajafungiwa nje. Vyuo vya TVET vina ngazi za cheti na za ufundi wa msingi, na mtu huweza kupanda kutoka ngazi moja hadi nyingine. Katika mfumo wa kitaifa wa vyeti, diploma ni kiwango cha 6 na digrii ya kwanza ni kiwango cha 7. Vyuo vya mafunzo ya ufundi vya vijijini navyo, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti, ni mwanzo mzuri kwa anayetaka kushika nyundo na spana kwanza.

Kabla ya kujiunga na chuo chochote cha kiufundi, mwanafunzi anapaswa kuhakikisha mambo mawili: chuo kimesajiliwa na mamlaka ya TVETA, na kozi yenyewe imeidhinishwa. Mambo haya mawili si kitu kimoja. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali huku kozi fulani ikiwa bado haijaidhinishwa.

Umuhimu wa kutambuliwa si maneno matupu. Wahitimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Egerton waliokataliwa usajili walilazimika kwenda kortini, na kesi yao ikapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi mwaka 2018. Walikuwa wamesoma, wamefanya mitihani na wamehitimu. Miaka yao ya kutafuta kazi ikaishia katika korido za mahakama.

Hatua ya tatu: Kuelewa chuo cha jamii ni nini

Safari ya Marekani si ngeni kwa Wakenya. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya mpango uliohusishwa na Tom Mboya iliwapeleka wanafunzi 81 kusoma huko. Tofauti ni kwamba wengi wa wakati ule walisafiri kwa ufadhili. Leo mzazi ndiye mfadhili.

Chuo cha jamii nchini Marekani ni chuo cha umma kinachotoa masomo ya miaka miwili baada ya shule ya sekondari. Huwahudumia hasa wakazi wa eneo lake, ambao hulipa karo ya chini. Mwanafunzi wa kigeni hulipa kiwango cha juu kuliko wao, ingawa mara nyingi bado ni chini ya karo ya chuo kikuu. Vyuo hivi huwa na madarasa madogo, na vingi havidai alama za juu za kuingilia. Hata hivyo, vingi havina mabweni. Mwanafunzi hujitafutia nyumba na usafiri, na katika miji mingi ya Marekani anayekosa gari huumia.

Jambo la kushika ni kwamba chuo cha jamii hakitoi digrii ya uhandisi inayomfanya mtu kuwa mhandisi. Kinatoa nusu ya kwanza ya safari. Nusu ya pili husomwa katika chuo kikuu, ambako mwanafunzi huhamia akiwa na masomo aliyokwisha kufaulu, yanayohesabiwa kwa vipimo vinavyoitwa krediti. Kwa kawaida shahada ya miaka miwili huwa na krediti 60 katika vyuo vya mihula miwili kwa mwaka, au 90 katika vyuo vinavyogawa mwaka kwa robo.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Shahada za miaka miwili ziko za aina zaidi ya moja, na majina yake yanafanana. Ile inayoandikwa A.S. kwa kawaida hutengenezwa kwa ajili ya anayenuia kuhamia chuo kikuu. Ile inayoandikwa A.A.S. hutengenezwa kwa ajili ya anayetaka kuingia kazini moja kwa moja akiwa fundi sanifu. Ya pili si mbaya, lakini masomo yake mengi huenda yasikubaliwe na chuo kikuu. Herufi moja ya ziada inaweza kumrudisha mwanafunzi mwaka wa kwanza, kwa karo mpya.

Vivyo hivyo, kozi ya uhandisi na kozi ya teknolojia ya uhandisi ni vitu viwili. Nchini Marekani shirika la ABET ndilo hukagua kozi hizi, na lina tume tofauti kwa kila moja. Orodha ya kozi zilizopita ukaguzi iko wazi katika tovuti ya ABET, na mtu huweza kuisoma bila malipo. Marekani pia ni miongoni mwa nchi zilizoanzisha Mkataba wa Washington mwaka 1989, unaohusu kutambuliana kwa digrii za uhandisi. Mkataba huo unahusu digrii kamili ya uhandisi. Cheti cha miaka miwili hakimo.

Kwa sababu hiyo, swali la binti wa Runyenjes kwa chuo cha Dallas au kwingineko lisiwe tu "Mnafundisha uhandisi?" Liwe: "Wanafunzi wenu wa uhandisi huhamia chuo kikuu gani, kwa makubaliano gani yaliyoandikwa, na kozi ya umeme ya chuo kikuu hicho imekaguliwa na ABET?" Majimbo mengine yamerahisisha kazi hii. California, kwa mfano, ina tovuti ya umma iitwayo ASSIST inayoonyesha somo gani la chuo cha jamii linahesabiwa kama somo gani katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo. Chuo kisichoweza kujibu swali hili kwa maandishi hakifai kwa mwanafunzi wa uhandisi, hata kama picha zake zinapendeza.

Hatua ya nne: Kupanga mlolongo wa hisabati

Uhandisi hupandwa kama ngazi, na vipago vyake ni hisabati. Katika chuo cha jamii mwanafunzi husoma kalkulasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha milinganyo ya kalkulasi, kila moja ikitegemea iliyotangulia. Fizikia nayo hungojea kalkulasi.

Mwanafunzi mpya hupimwa kwanza ili chuo kijue aanzie wapi. Akipatikana hayuko tayari kwa kalkulasi, huanzishwa na aljebra au masomo ya matayarisho. Masomo hayo ni ya lazima kwake, lakini kwa kawaida hayahesabiwi katika digrii ya uhandisi. Mihula miwili ya matayarisho ni mwaka mmoja zaidi wa kodi ya nyumba, chakula na karo. Miaka miwili iliyotajwa kwenye tangazo hugeuka mitatu.

Habari njema ni kwamba dawa yake inapatikana nyumbani na haina gharama kubwa. Mtaala wa KCSE una utangulizi wa kalkulasi katika kidato cha nne. Mwanafunzi anayengojea viza au muhula mpya anaweza kurudia mada hizo, pamoja na trigonometria na logi, hadi ziwe nyepesi. Miezi sita ya kujisomea kwa mwalimu wa hisabati wa shule ya karibu inaweza kuokoa mwaka mzima ughaibuni.

Hatua ya tano: Kuhesabu pesa hadi mwisho

Mwanafunzi akikubaliwa, chuo humtumia fomu iitwayo I-20. Ndani yake kuna makadirio ya gharama za mwaka mmoja: karo, makazi, chakula, bima ya afya na vitabu. Mzazi lazima aonyeshe kwamba pesa za mwaka wa kwanza zipo. Wengi hukomea hapo. Kumbe hapo ndipo hesabu inapoanza.

Chukulia kwamba I-20 imeonyesha dola 24,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hizo ni shilingi 3,120,000. Miaka miwili ni 6,240,000. Baada ya hapo kuna miaka miwili ya chuo kikuu. Ikiwa chuo kikuu hicho kitagharimu dola 42,000 kwa mwaka, miaka hiyo miwili itakuwa shilingi 10,920,000. Jumla ya safari yote ni shilingi 17,160,000, bila kuhesabu nauli ya ndege. Kila familia iweke tarakimu za chuo chake, lakini ihesabu miaka minne.

"Atafanya kazi huko," jamaa husema. Sheria ya viza ya F-1, ambayo ndiyo ya wanafunzi wengi, huruhusu kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki masomo yanapoendelea. Kazi ya nje ya chuo hairuhusiwi katika mwaka wa kwanza, na baadaye huhitaji idhini maalumu. Mwanafunzi anayelipwa dola 14 kwa saa, kwa saa 20, kwa wiki 32, atapata dola 8,960 kabla ya kodi. Hizo ni takriban shilingi 1,165,000. Ni msaada mkubwa, lakini katika mfano huu hazifiki hata nusu ya gharama za mwaka. Na si kila chuo cha jamii kina kazi za kutosha. Anayefanya kazi bila idhini huhatarisha viza yake, na akipoteza viza hupoteza masomo.

Mkopo wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi haumhusu mwenye viza ya F-1. Mkopo wa HELB nao, ambao huwasaidia wanafunzi wa vyuo vikuu na wa TVET hapa nchini, haumfuati mwanafunzi hadi chuo cha jamii cha Marekani.

Sasa hesabu ya nyumbani. Chini ya utaratibu ulioanza mwaka 2018, karo katika vyuo vya TVET vya umma iliwekwa kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, ambapo serikali ililipa 30,000. Mwaka 2023 mfumo mpya wa ufadhili uliingia, unaopima uwezo wa kila familia. Hata familia ikilipa shilingi 56,420 zote yenyewe kwa miaka mitatu, jumla ni 169,260, mbali na chakula na malazi. Tofauti na shilingi milioni 17 haihitaji kikokotoo.

Hatua ya sita: Kujiandaa kwa viza

Kwa familia ambayo hesabu yake imetimia, taratibu zina mpangilio wake. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na mkazi wa eneo hili hana haja ya kusafiri hadi Nairobi kwa sababu kuna ofisi ya pasipoti mjini Embu. Kisha chuo lazima kiwe kimeidhinishwa na serikali ya Marekani kupokea wanafunzi wa kigeni. Orodha ya vyuo hivyo iko wazi kwa umma.

Baada ya kupata I-20, mwanafunzi hulipa ada ya SEVIS, ambayo ni dola 350, hujaza fomu ya DS-160, hulipa ada ya viza ya dola 185, kisha hufika kwa mahojiano katika ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri. Ada hizo mbili pekee ni dola 535, takriban shilingi 69,550, na viza ikikataliwa ada ya viza hairudishwi. Ada hizi hupangwa na serikali ya Marekani, hivyo mwombaji anashauriwa kuangalia kiwango cha siku hiyo kwenye tovuti rasmi kabla ya kulipa.

Katika mahojiano, afisa hutaka kujua mambo matatu: kwa nini chuo hicho, nani atalipa, na mwanafunzi ana mpango gani baada ya masomo. Aliyepitia hatua tano zilizotangulia tayari ana majibu, kwa sababu ameyafanyia kazi mwenyewe. Aliyejaziwa kila kitu na ajenti hukwama kwenye swali la kwanza.

Akifika, mwenye viza ya F-1 wa digrii ya kwanza lazima abaki na masomo kamili, kwa kawaida krediti 12 au zaidi kwa muhula. Kupunguza masomo kwa sababu karo imepungua si jambo analoweza kujiamulia.

Hatua ya saba: Kulinda pesa

Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai pesa walizolipa kwa mpango wa masomo ya Finland na Canada uliopitia serikali ya kaunti yao. Wengi walikuwa wameuza mashamba na mifugo, na watoto wao hawakusafiri. Funzo lake linahusu kila kaunti, ikiwa ni pamoja na hizi za Mlima Kenya: muhuri wa ofisi si dhamana ya pesa za mzazi.

Mambo machache yanaweza kumkinga mzazi. Karo ilipwe moja kwa moja kwa chuo, kwa akaunti iliyo katika tovuti rasmi ya chuo, na isipitie simu wala akaunti ya mtu binafsi. Barua ya kukubaliwa ithibitishwe kwa kuandikia chuo chenyewe. Hakuna ajenti anayeweza kuahidi viza, kwa maana uamuzi ni wa afisa wa ubalozi peke yake. Cheti halisi cha KCSE, pasipoti na hati ya shamba visiachwe mikononi mwa ajenti. Na ushauri haulazimu kununuliwa: EducationUSA, mtandao wa ushauri unaosimamiwa na serikali ya Marekani na wenye huduma jijini Nairobi, hueleza taratibu hizi bila kutoza.

Familia ya Runyenjes iamue nini?

Ekari moja ya chai, hata ikiuzwa kwa bei nzuri, huenda ikalipia mwaka wa kwanza Marekani. Je, mwaka wa pili? Na miaka miwili ya chuo kikuu? Ikiwa mjomba wa Dallas ameahidi kwa maandishi kumpa binti makazi na chakula kwa miaka yote minne, na chuo kimeonyesha makubaliano ya kuhamia kozi iliyokaguliwa na ABET, hesabu inabadilika na mazungumzo yanaweza kuendelea. Ikiwa ahadi ni ya "tutaona mbele", basi familia itakuwa imeuza ekari kwa ajili ya nusu ya nusu ya digrii.

Pana njia nyingine ambayo mara nyingi husahauliwa. Binti anaweza kuanza diploma ya uhandisi wa umeme Meru, asajiliwe na KETRB akiwa fundi sanifu, afanye kazi, kisha aombe digrii katika chuo kikuu ambacho kozi yake inatambuliwa, kwa kufuata kanuni za chuo hicho kuhusu wenye diploma. Njia hii ni ndefu, na si kila mwenye diploma hupata nafasi ya digrii mara moja. Lakini kila kituo chake kina cheti kinachoweza kumpa riziki, na shamba linabaki. Mlango wa Marekani nao haufungwi, maana vyuo vya huko hupokea hata watu wazima waliokwisha kufanya kazi.

Mzazi akumbuke pia kwamba kubaki nyumbani si kushindwa. Na anayekwenda mbali akiwa amejiandaa si mpotevu. Kinachowatofautisha anayefika na anayekwama ni kama hesabu ilifanywa kabla ya safari au katikati yake.

Maswali ya kujipima

Familia ikae pamoja, na jamaa aliye ng'ambo akiwa kwenye simu, ijibu maswali haya kwa kalamu na karatasi:

1. Baada ya masomo, mwanafunzi atasajiliwa na bodi gani: EBK au KETRB?
2. Kozi anayotaka imetambuliwa na nani, na uthibitisho uko wapi?
3. Ikiwa ni chuo cha jamii, shahada yake ni A.S. au A.A.S., na ni chuo kikuu gani kitapokea krediti zake?
4. Mwanafunzi yuko tayari kuanza na kalkulasi, au atahitaji mwaka wa matayarisho?
5. Gharama ya miaka yote hadi cheti cha mwisho ni kiasi gani, na nani atalipa kila mwaka?
6. Mlipaji mmoja akiugua au akikosa kazi, nani atachukua nafasi yake?
7. Pesa zitaingia katika akaunti ya nani?

Swali lolote likikosa jibu lililoandikwa, hati ya shamba irudishwe sandukuni hadi jibu lipatikane. Muhula mwingine utakuja, na chuo hakitahama. Ekari ikishauzwa, hairudi.